Siku Moja Nyumbani Tanga: Mwongozo Kamili kwa Aliyehama Zamani

Mji wetu una msemo unaojulikana nchi nzima: waja leo, waondoka leo. Na ndivyo wengi wetu tuliokulia Ngamiani, Makorora, Mabawa au Chuda, tukahamia Dar es Salaam, Arusha au ng'ambo, tunavyorudi siku hizi. Tunaingia asubuhi kwa harusi au msiba, tunakula pilau, jioni tuko ndani ya basi. Mji tunauona dirishani.

Mwongozo huu ni wa siku moja nzima isiyo na shughuli. Umekuja kula vitumbua, kuwaona watu wako, kuoga baharini na kunywa kahawa barazani, basi. Ni raha ndogo, ila kila moja ina saa yake, na ukiikosa saa hiyo umeikosa mpaka safari nyingine. Nimefanya safari hii mara kadhaa tangu nihame, na ya kwanza niliivuruga kwa kutaka kila kitu. Hapa nimepanga mambo kama ninavyoyafanya sasa.

Kuchagua siku

Wengi huanza na ruhusa ya kazini. Wewe anza na bahari, maana yenyewe haibembelezeki.

Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, Tanga maji hupwa sana kama saa nne asubuhi na kujaa pomoni kama saa kumi jioni. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, mambo hugeuka: unashuka ufukweni Raskazone jioni na taulo lako begani unakuta maji yamekwenda zake. Kwa hiyo tafuta tarehe 1 hadi 3 za mwezi mwandamo, au 15 hadi 17. Hapo utapata vyote viwili: asubuhi ngalawa zimelala juu ya mchanga, jioni maji ya kuogelea hadi ukingoni.

Ukishapata tarehe, tafuta ndani yake Ijumaa. Sababu nitaieleza tutakapofika mchana. Kama ninyi ni watu wa kanisa, basi Jumapili itakufanyia kazi ileile, ukianza na misa ya kwanza.

Aprili na Mei masika inanyesha kweli, na barabara za ndani zinajaa madimbwi; baiskeli haitakupa raha. Kaskazi ya kuanzia Desemba hadi Machi ina joto la kukutoa jasho saa mbili asubuhi. Mimi hupenda Juni hadi Agosti, kusi inapovuma, hewa imepoa kidogo na machungwa ya Muheza yamejaa barabarani. Ramadhani ni tamu kwa futari na kwa usiku wake, ila sehemu kubwa ya siku ninayoieleza hapa haitawezekana.

Simu kabla ya safari

Wiki moja kabla, mpigie mtu mmoja aliyebaki mtaani. Chagua yule anayejua habari za kila nyumba. Kila mtaa unaye. Muulize mambo matatu na uyaandike kwenye karatasi: nani amefariki tangu nilipokuja mara ya mwisho, nani anaumwa, nani amehama. Hili la kwanza ndilo zito. Hakuna fedheha kama kuingia nyumba ya watu unachekacheka, ukamuulizia mzee aliyezikwa mwaka juzi. Nimeona mtu akifanya hivyo kwa jirani yetu. Yule mama alijibu kwa upole kabisa, "Babako mdogo katangulia, mwanangu," akaenda zake ndani, na yule mgeni akabaki barazani hajui aketi au aondoke.

Simu ya pili mpigie mzee mmoja utakayekula kwake mchana. Mmoja tu. Safari yangu ya kwanza niliwaambia wote kwamba nakuja: shangazi, mwalimu wangu wa zamani, na mama aliyeninyonyesha pamoja na mwanawe. Wote watatu walipika. Kwa shangazi nilikula nikashiba, kwa mwalimu nikaonja, na kwa yule mama nilifika saa kumi na mbili jioni. Alikuwa amefunika sahani kwa kawa tangu saa saba mchana na hakuwa amekula, akinisubiri. Wali ulikuwa umepoa, samaki amekauka pembeni, naye anasema tu karibu mwanangu, karibu. Sitaki uyaone macho yale. Wengine wasalimie kwa ghafla, wafurahi, wakulaumu kidogo kwa kutosema, na yaishe.

Cha kubeba

Begi moja dogo. Kandambili, taulo, kikoi au kanga, na kofia ya jua. Zawadi zinunuliwe palepale mjini isipokuwa doti ya kanga unayotaka kuichagua mwenyewe. Usisafirishe sukari kutoka Dar wakati sokoni Mlango wa Chuma imejaa. Kilo mbili za sukari na majani ya chai kwa kila nyumba ya wazee inatosha.

La muhimu zaidi ni noti ndogo, za 1,000 na 2,000, na chache kubwa zaidi zilizokunjwa peke yake. Mzee unampa wakati wa kuagana, ndani ya kiganja, mnaposhikana mikono, ukisema taratibu, "Hii ya sukari, bibi." Ukitoa mwanzoni unaonekana umekuja kulipa. Ukitoa mbele ya watu unamwaibisha.

Ingia jana yake

Tafadhali usijaribu kufika asubuhi ya siku yenyewe. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 350, na hata basi la alfajiri la Mbezi litakufikisha vitumbua vikiwa vimekwisha. Panda la mchana, ukae upande wa dirisha. Segera gari linapinda kulia kuiacha barabara ya Moshi, na kutoka Hale kuendelea unaanza kuona mkonge umepangwa safu hadi macho yachoke. Zao hilo lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na ndilo lililoleta nusu ya majina ya mtaani kwetu. Babu yangu mzaa baba alitoka Kigoma akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, mkataba wake ukaisha, hakurudi. Kila nipitapo pale hunyamaza kidogo.

Anayetoka Mombasa anaingilia Horohoro, na mwendo wa kutoka mpakani hadi mjini ni mfupi.

Mabasi yanaishia Kange, nje kidogo ya mji. Kama uliondoka zamani utajikuta unaitafuta stendi ya Ngamiani. Siku hizi kutoka Kange unachukua daladala au bajaji kuingia mjini. Lala nyumba ya wageni ya Ngamiani au Chumbageni, hata kama una ndugu wa kukulaza. Ukilala kwa ndugu asubuhi yako si yako tena, utawekewa chai ya heshima hadi saa nne. Ndugu wataona vibaya, kwa hiyo sema mapema kwamba umefika usiku sana.

Vitumbua

Amka na adhana. Toka na miguu, bila simu mkononi, mitaa ikiwa bado na kibaridi.

Barabara za Ngamiani zina namba badala ya majina, na hili ni msaada mkubwa kwa aliyepotea miaka mingi: majengo yamebadilika, maduka yamepanda ghorofa, lakini barabara ya nane bado iko kati ya saba na tisa. Fuata moshi. Kila baada ya barabara mbili tatu kuna mama amekaa kwenye kigoda, jiko la mkaa mbele yake, na chuma chenye vishimo saba.

Usinunue ukaondoka. Simama uangalie duru moja nzima. Mchele umelowekwa jana, umesagwa na tui la nazi, hamira na iliki, umelala usiku kucha hadi ukaumuka. Anatia mafuta kijiko kwa kijiko, kishimo kwa kishimo, kisha anamimina kwa kata ndogo akizunguka kutoka cha pembeni hadi cha katikati. Pembe zinaanza kukauka na kuwa kahawia, juu panatoboka vitundu vidogo kama sifongo, na hapo ndipo anapochukua spoku ya baiskeli, anaichomeka ubavuni, anakigeuza kitumbua kwa kifundo cha mkono tu. Hakitazami. Anaongea na mteja, anapokea pesa, mkono unajua wenyewe. Cha kwanza kula hapohapo, kikiwa bado kinaunguza vidole, kabla mafuta hayajaloweka gazeti.

Ukipata mbaazi za nazi pembeni, chukua na chapati. Chai iwe ya rangi, ya tangawizi. Maziwa ya Tanga utayapata kokote Tanzania, ila kitumbua hiki hakisafiri.

Hapo hapo ndipo utakapotambuliwa kwa mara ya kwanza. "Shikamoo mama." "Marahaba. Mbona kama nakujua?" Usijitaje kwa jina lako la kazini wala kwa cheo. Jitaje kwa mzazi na kwa mtaa: mimi mtoto wa fulani, tulikaa barabara ya tisa, karibu na bomba. Utaona uso unavyofunguka.

Baiskeli

Tanga ni tambarare na ni mji wa baiskeli, kwa hiyo usizunguke kwa bajaji. Kwenye bajaji unapita. Kwenye baiskeli mtu anaweza kukuita ukasimama. Nenda kwa fundi baiskeli yeyote kabla ya saa mbili, muombe ya kukodi kwa siku nzima, na mkubaliane bei kabla hujapanda. Angalia breki zote mbili kwa kuisukuma huku umezibana. Bonyeza matairi. Zungusha pedali usikie kama mnyororo unaruka. Hakikisha kengele inalia, maana kwenye njia panda za Ngamiani kengele ndiyo salamu yako na ndiyo bima yako. Acha namba ya simu, naye akuandikie yake.

Mkono wa pole, kabla ya jambo lolote

Sasa toa ile karatasi. Nyumba zenye msiba ndizo za kwanza kuingia, hata kama msiba una miaka miwili. Kwako ni mpya. Hodi mara tatu, viatu nje, keti unapoelekezwa. Sema wazi: "Nimekuja kuhani. Nilikuwa mbali, nisameheni." Kisha nyamaza. Wao watakusimulia aliugua vipi, alilazwa wapi, alisema nini mwishoni, na kazi yako ni kusikiliza hadi mwisho bila kutazama saa. Mara nyingi ni robo saa tu. Toa rambirambi yako wakati wa kuaga.

Ukimaliza, nenda makaburini. Kwa desturi za kwetu wanawake wengi husomea dua nyumbani, wanaume wapite. Makaburi yetu mengi hayana maandishi, na majani huota haraka, kwa hiyo mchukue kijana wa nyumba akuonyeshe. Soma Fatiha, au sala yako kwa imani yako, ng'oa majani mawili matatu kwa mkono. Wazee wangu wawili wamelala hatua chache tu kutoka kwa jirani waliyegombana naye kuhusu ukuta kwa miaka kumi, na huwa nawasomea wote watatu pamoja.

Tenga saa mbili kwa haya yote. Yakishapita unaona kabisa mabega yamekuwa mepesi, na siku iliyobaki unaweza kucheka na watu bila kitu kukukwama kooni.

Nyumba uliyokulia

Pita saa nne hivi, wakati wa nyumbani wameshamaliza kufagia na hawajaanza kupika. Kama bado ni ya ukoo, karibu. Kama iliuzwa, simama ng'ambo ya barabara kwanza. Ipe dakika zake. Itaonekana ndogo kuliko ulivyoibeba kichwani; mlango wa uani uliokuwa ukifikia komeo lake kwa kuruka utaukuta uko usawa wa kifua.

Ukitaka kusogea, piga hodi, na useme haraka umekuja kwa nini: "Nilizaliwa hapa, naomba kuuona tu mwembe wa uani." Mwenye nyumba mgeni anaogopa jambo moja, kwamba umekuja kudai kiwanja. Mwondolee hofu hiyo mapema. Usiombe kuingia vyumbani, usipige picha bila ruhusa, na usiseme kilikuwa nini kizuri zaidi enzi zenu. Mimi mwembe wetu ulikatwa. Mama wa pale aliniletea kiti na maji, akanionyesha kisiki, watoto wake wanakitumia kuchezea bao. Nilikaa nacho kidogo.

Ijumaa mchana

Hii ndiyo sababu ya kuchagua Ijumaa. Rudi ulikolala, oga, vaa kanzu au shati safi, nenda msikiti wa mtaa wenu mapema. Baada ya swala usitoke mbio. Simama karibu na mlango, upande wa kivuli. Ndani ya nusu saa utawasalimia watu ambao kuwafuata nyumba kwa nyumba kungekula siku tatu: uliosoma nao chuo cha Kurani, fundi aliyekushonea sare, mzee aliyekuchapa kwa kuiba ukwaju wake. Wanawake wanaopanga safari hii hupata mkusanyiko kama huo alasiri zaidi, vibarazani, wakati wa kusukana na kuchambua mboga, kwa hiyo wao wasogeze pwani mbele kidogo au waipunguze.

Kisha nenda kwa yule mzee mmoja. Utakula wali wa nazi, changu au kolekole wa kupaka, mchicha, na pilipili ya kupondwa na ndimu. Kula kwa mkono. Omba ukoko, hata kama hujaulizwa. Hakuna mpishi wa pwani asiyefurahi kuombwa ukoko. Baada ya hapo lala. Naam, lala, jamvini, palepale, mchana wa Tanga ni wa kulala na mwenyeji wako naye anasubiri ruhusa hiyo.

Bandari na Raskazone

Ukisikia adhana ya alasiri, swali, panda baiskeli, vuka reli kuelekea Uzunguni. Hapo ulipovuka ndipo ilipoanzia reli ya Usambara, ambayo ujenzi wake ulianza 1893 na ikafika Moshi 1911.

Simama bustani ya Jamhuri uitazame ghuba. Kisiwa cha Toten kiko palepale. Bandari ndiyo itakayokushangaza: sisi tulizoea kuona meli kubwa zimetia nanga katikati ya maji, na matishari yakienda na kurudi kubeba mzigo. Kina kimechimbwa hadi mita 13 na gati limeongezwa, kwa hiyo sasa meli zinaegesha zenyewe. Na ng'ambo kule kaskazini, Chongoleani, ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Uganda, kilomita 1,443. Mzee aliyekaa kwenye benchi atakueleza haya kwa urefu kuliko mimi. Mwache aeleze.

Mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni yaache kwa safari nyingine, ukija na watoto. Kila moja linakula nusu siku.

Fuata barabara ya ufukweni kupita Bombo hadi Raskazone. Ingia kwenye klabu ya kuogelea, lipa kiingilio, ufike majini kama saa kumi na moja, maji yakiwa yamejaa au yameanza tu kugeuka. Vaa kandambili hadi ukingoni kwani matumbawe yanakata. Usiruke kichwa mbele kama ulivyokuwa ukifanya ukiwa na miaka kumi na mbili. Mchanga huhama, na kina ulichokijua kinaweza kuwa kimepungua. Ingia taratibu, lala chali, masikio ndani ya maji. Ukisikia ule mlio mdogo wa kokoto kukwaruzana chini, hapo umefika nyumbani. Toka kabla jua halijazama, ujifunge kikoi, ununue mihogo ya kukaanga yenye chumvi na pilipili.

Kahawa

Baada ya Magharibi rudisha baiskeli, ulipe na umwachie fundi cha juu kidogo. Kisha tafuta kijiwe cha kahawa cha mtaani kwenu. Utasikia vikombe vikigonganishwa kabla hujakiona. Kaa mwisho wa baraza, usikimbilie katikati. Agiza kahawa chungu na kashata, na uwanunulie waliokuwepo, kikombe kwa kila mtu, bila kutangaza.

Mazungumzo yatakuwa ya mpira. Jiandae: mtaa unagawanyika kati ya Coastal Union na African Sports, na ubingwa wa Coastal wa mwaka 1988 bado unasimuliwa goli kwa goli kana kwamba ni wa juzi uwanjani Mkwakwani. Kama ulikuwepo, toa ushahidi wako. Kama hukuwepo, uliza. Watakutania kwa lafudhi yako ya Dar, watakuita mgosi, yaani mwanamume wa kwetu, na mmoja atataka kujua lini unarudi moja kwa moja. Mjibu ukweli.

Kaa hadi muuza kahawa aanze kumwaga majivu ya jiko.

Asubuhi ya kuondoka

Panda basi la saa mbili au tatu, usichukue la alfajiri, upate kitumbua cha pili. Muheza gari likisimama, wauzaji watanyanyua ndoo na nyavu za machungwa hadi dirishani. Bei ya kwanza isikutishe. Beba wavu mzima na mwombe muuzaji akuchanganyie yenye ngozi ya kijani; ni matamu kuliko yanavyoonekana. Mawili menya njiani. Yaliyobaki wagawie majirani wa huko unakokaa sasa, na uwaambie yametoka kwenu.